Nyuma ya Sanduku la Mchele

Athmani babangu,

Umetoka kwenda Tudor kuagana na shangazi yako, na najua hutarudi mapema, maana yule hamwachi mtu aondoke mpaka ale ashibe na asikilize habari za mji mzima. Nami nimepata nafasi. Nimeketi juu ya kitanda chako, sanduku lako la safari liko miguuni pangu limekwisha kufungwa kamba, na kalamu ni hii yako uliyoisahau juu ya televisheni. Nitakurudishia kesho ukinikumbusha.

Hati yangu utaivumilia. Chuo cha Kurani nilihitimu, hilo hakuna wa kuninyang'anya, lakini shule ya serikali nilikaa kidogo tu, kisha mamangu akanipa sindano na kitambaa cha kofia akasema, "Hii nayo ni elimu." Na kweli ilikuwa elimu. Leo hakuna bwana harusi anayejiheshimu hapa Mji wa Kale atakayekwenda nikahini bila kofia ya Rukia. Hilo wewe walijua, lakini nimeliandika ili lipate kukaa kwenye karatasi.

Sitakwambia ule nini huko Nairobi wala ulale saa ngapi. Sweta umeliona. Swala waijua. Hayo yote mjomba'ko Seifu aliyasema juzi tangu alasiri mpaka chai ikapoa, na yote aliyoyasema ni kweli, na nilikuona ulivyokuwa ukihesabu boriti za dari. Mimi nataka kukuandikia habari ya siku tuliyomuoza dada yako Zena. Utasema, "Mama, mimi nilikuwepo." Ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wa pili wa ukuta.

Mamako ni mtu wa kujisifu. Sijifichi. Mtu akiwa na kitu chake akanyamaza, nani atamsemea? Lakini ulimi huu umenitia mahali pabaya mara nyingi, na pabaya kuliko pote ni lile sanduku la Seifu.

Seifu alipolileta kutoka Kuweti, limeviringishwa mablanketi ya meli, mahamali wakalibeba kutoka bandarini, nami nikatangulia mbele yao njia nzima. Njia waliijua. Nilitaka watu waulize tu. Wakauliza.

"Rukia, kabati hilo?"

"Kabati la nini. Hiyo ni televisheni."

Jioni ile ile nikaita wanawake wa mtaa, nikapika vitumbua, Seifu akalitia umeme. Likanguruma, likawaka, na mle ndani tukaona mchele. Mchele mtupu, mweupe, unaochemka, na sauti yake kama mafuta yakipata maji. Tukangoja. Seifu akakuna kichwa akasema, "Huko Kuweti lilikuwa na watu."

Bi Aziza wa nyumba ya ngazi, ambaye mimi naye tumeshindana tangu tuko wari, akakimaliza kitumbua chake pole pole, akajifuta vidole, akasema, "Mchele huo ukiiva, Rukia, tuitie."

Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba televisheni ni sikio tu, na kwamba Nairobi kuna mtambo wa kusema nayo na hapa kwetu hakuna. Nilimsumbua Seifu mpaka akasimamisha mlingoti wa eriali juu ya paa, kunguru wakaufanya baraza. Mchele ukabaki mchele. Nikalifunika sanduku kwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, nikaweka juu yake mrashi wa marashi na chetezo cha udi, na tangu hapo mtoto akitumwa kwetu huambiwa, "Nenda kwa Mama Mchele."

Wewe ndiye uliyekuwa ukikiinua kile kitambaa. Nilikuwa nikikukuta umekaa sakafuni, umeuwasha mchele wangu, unautazama kama mtu anayesubiri mgeni. Nilikugombeza kwa ajili ya umeme. Nilikosea. Ningejua kuwa ule mchele ndio unaokulea, ningekuletea na mto wa kukalia.

Kisha ukaingia kazi ya ufundi wa redio kwa Bwana Karsani, na Bwana Karsani akawa na ile kamera. Ilikuja kwa ajili ya maonyesho, watu wapite mbele yake wajione wenyewe kwenye kioo chake. Maonyesho yalipokwisha, kile kioo kikaanguka kikavunjika wakati wa kupakia gari, ikabaki kamera peke yake dukani kama mjane. Ukaja nyumbani hata viatu hujavua.

"Mama, kule dukani kuna kamera haina kioo. Na hapa kuna kioo hakina kamera."

"Basi tuwaoze."

Ukacheka, kisha ukaacha kucheka. Ukanieleza kwamba haiwi hivyo hivyo. Kamera ile imezoea kioo chake yenyewe, hutoa picha tupu kwenye waya. Televisheni ya nyumbani haipokei picha tupu. Hupokea picha iliyopanda juu ya mawimbi, iingie kwa tundu la eriali, basi.

Nikakuuliza, "Yaani mgeni amefika mlangoni na mlango haumjui?"

Ukasema, "Mgeni amekuja kwa miguu, Mama. Na mlango huu huwafungulia waliokuja na gari."

Nimeyarudia maneno hayo kwa watu wengi nikisema ni yangu. Sasa nakurudishia.

Ulitaka njia ya mkato. Ulifungua sanduku nyuma ukaniambia utatia lehemu waya wa kamera moja kwa moja mle ndani, kwenye chuma chake, upite nyuma ya mlango. Nami nikakuhimiza. Nilikushikia taa. Namshukuru Mungu kwamba siku ile Bwana Karsani alipita kuulizia kofia yake ya kuvaa dukani, akakuta sanduku liko wazi. Alichukua ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini akakigusisha kile chuma, na kitaa kikawaka chekundu. Hakupiga kelele. Wajua asivyopiga kelele.

"Televisheni kama hii chuma chake kiko pamoja na umeme wa ukutani, Athmani. Ukifunga kamera hapa, kamera nayo inakuwa umeme. Halafu nani atashika kamera? Wewe. Au mgeni wako."

Akanitazama na mimi. "Mama, kofia yangu bado?"

Nikaiweka ile taa sakafuni, nikachukua sindano na kofia yake. Tangu siku ile, ukisema "bado", huwa nangoja. Si kila mara. Lakini najaribu.

Ndipo ukaanza kutengeneza kile kisanduku chako ndani ya mkebe wa biskuti. Bwana Karsani akakuonyesha mwanzo wake tu, mengine akakuachia. Kazi ya mkebe, ulivyonieleza, ni kuichukua ile picha tupu na kuipandisha gari, ili ifike kwenye tundu la eriali kama inavyofika ya Nairobi, na umeme wa sanduku usitoke kuja kudhuru watu. Kituo kizima cha televisheni ndani ya mkebe wa biskuti, na aliyekitengeneza ni mwanangu. Hilo nalo nataka likae kwenye karatasi.

Cha kwanza kuonekana katika nyumba hii kilikuwa birika langu la shaba. Uliweka kamera mbele yake, ukaunga mkebe, ukazungusha vifundo, mchele ukatetemeka, ukajikunja, ukawa mistari mistari, na katikati ya mistari likatokea birika, limeinama upande kama limelewa. Nililitambua kwa mkono wake uliovunjika. Nikasogea karibu. Ilikuwa mistari myembamba imepangwa mmoja juu ya mwingine, kama ninavyopanga uzi katika kofia, tundu kwa tundu mpaka ua litokee. Nikajiambia, kumbe kazi yake na yangu ni moja.

Wewe ukasema, "Mama, bado usiseme kwa watu. Sanduku likipata moto picha hupanda juu. Bado sijaituliza."

Bado. Nimekwambia hapo juu huwa nangoja. Siku ile sikungoja. Na nataka ujue kwa nini, kwa sababu ulinikasirikia na hukusema.

Zena alikuwa ameposwa na Salimu wa mtaa wa Kuze na siku imekwisha kuwekwa. Babako alipofariki hukuwa umeanza hata kuota ndevu. Babu yako naye hayupo. Walii wa Zena ni wewe kakake. Wewe ndiye utakayeketi mbele ya bwana harusi, umshike mkono, umwambie nimekuoza dada yangu. Na mimi niliyemzaa anayeozwa na anayeoza, nitakuwa ndani na wanawake, nikingoja mtu aje kusema imekwisha. Ndivyo ilivyo kwetu. Mamangu hakuiona nikahi yangu, na nyanya yangu hakuiona ya mamangu, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini birika liliponitokea ndani ya mchele nilishikwa na tamaa. Nilitaka kukuona umeketi pale ambapo babako angeketi. Hilo tu. Kelele zote nilizopiga baada ya hapo zilitoka kwenye hilo tu.

Kesho yake asubuhi nikaenda Marikiti kununua nazi, na kabla nazi hazijaingia kikapuni mji mzima ulikuwa unajua kwamba kwa Mama Mchele nikahi itaonekana ndani ya sanduku, wanawake waje waone. Bi Aziza alikuwa anachagua ndimu.

"Rukia. Umesema itaonekana?"

"Itaonekana."

"Na isipoonekana?"

"Isipoonekana, nitavua jina la Rukia, uniite Mama Mchele mbele ya mume wangu akhera."

Hukula chakula cha mchana siku ile. Ulikaa na mkebe wako mgongo umenipa.

Kwa shekhe nilikwenda na wewe, nikabaki nje ya mlango nikisikiliza. Akakuuliza, "Mskitini?" Ukasema la, katika ukumbi wa jirani, baada ya alasiri, kuna mwanga. Akauliza, "Na sisi tutawaona wanawake?" Ukasema waya huu huenda upande mmoja tu, shekhe, kama mfereji. Akafikiri. Akasema, "Mama wa bibi harusi ana haki ya kujua kama mwanawe ameozwa kweli. Lakini hiyo kamera iniangalie kwa adabu." Nilitaka kuingia nimbusu mkono.

Basi ukanifundisha. Wewe utakuwa ukumbini, na mkono wako utakuwa na kazi. Hata usingekuwa na kazi, usingeweza kuingia kwa wanawake wamejipamba na vichwa wazi. Kwa hivyo fundi wa upande wetu nitakuwa mimi. Ukanionyesha kile kifundo cha nyuma ya sanduku, kidogo, cheusi, kiko peke yake chini ya tundu la eriali, na ukanikataza kugusa chochote kingine.

"Picha ikianza kupanda, Mama, zungusha kinyume. Pole pole. Usizungushe kwa hasira."

"Lini umeniona na hasira?"

"Na uweke kioo mbele ya televisheni. Kioo cha kujitazamia. Ukiwa nyuma huoni kitu, lakini ukitazama kioo utaona picha huku mkono uko kwenye kifundo. Mafundi wote hufanya hivyo."

Nikasema, "Mimi sihitaji kioo."

Hapa nikupe habari nyingine kidogo. Nilipokuwa mwari nilipewa kazi ya kofia ya mfanyabiashara mmoja mkubwa, Mwarabu wa Ndia Kuu. Mamangu akasema nenda kapime kichwa. Nikasema sihitaji kupima, kichwa chake nakiona kila siku akipita. Nikashona kofia ambayo mpaka leo sijashona nzuri kuliko ile. Akaivaa, ikashuka ikasimama juu ya masikio. Mamangu hakunipiga. Alinipa wembe akaniambia nifumue mwenyewe. Utafikiri mtu akifumua kazi kama ile hatasema tena "sihitaji". Amesema. Kile kioo kikubwa nilikuwa nimekipeleka chumbani kwa Zena apambiwe, na kidogo cha mkononi nilikitia kwenye mtoto wa meza, kwa sababu nilitaka wanawake wanione nikitengeneza televisheni kwa mkono mtupu.

Siku yenyewe waijua upande wako. Upande wangu ulikuwa hivi. Waya mweusi umeingia kwa dirisha kutoka kwa jirani, umepita juu ya kichochoro mpaka uani kwenye sanduku, watoto wamekatazwa kuutazama sana. Ua umejaa. Asmini, udi, dhahabu, mikono ina hina, na kila mtu amevaa alichokuwa akikificha tangu Idi. Bi Aziza amekaa mbele kabisa, kwenye kiti changu mwenyewe. Nikawasha. Mchele.

"Naona wataka moto zaidi," Bi Aziza akasema. Wakacheka.

Kisha wewe kule ukaunga mkebe, na mchele ukajikunja, ukatulia, na shekhe akatokea. Ndevu zake, kilemba chake, anatutazama sawasawa usoni.

Athmani, sijapata kuona buibui zikivaliwa kwa kasi ile. Ua mzima ukawa mweusi. Mmoja akaingia chini ya meza. Bi Aziza amejifunika gubigubi limebaki jicho, na jicho lile limenikazia mimi.

"Rukia, umetuingizia mwanamume nyumbani."

"Hakuoni. Waya ni wa upande mmoja."

"Kama mimi namuona yeye, yeye ana nini asinione?"

"Bi Aziza, dirishani kwako wewe huwaona wapitao njiani. Wao hukuona?"

"Hunisikia," akasema, na hilo halikuwa uongo.

Nikaona maneno hayatafaa. Nikavua mtandio wangu, nikasimama mbele ya kioo cha televisheni, pua kwa pua na shekhe, nikamtolea ulimi wote ulivyo. Hakupepesa. Akaendelea kuvuta tasbihi yake. Mtu mmoja akaanza kucheka, na buibui zikaanza kushuka moja moja. Usimwambie shekhe. Kila nikipishana naye njiani hunisalimu kwa heshima sana, nami nainamisha kichwa.

Basi mkaingia. Salimu na kofia niliyomshonea, safari hii nimepima. Wewe na kanzu ya babako niliyoipunguza. Mkaketi. Kanzu zote ziling'aa mno katika kioo, nyuso zikawa nyeusi, lakini nilikujua kwa mabega. Nikasogea mbele. Nilikuwa nimejiahidi kwamba hapo sitasema neno, nitatazama tu.

Na hapo picha ikaanza kupanda.

Pole pole kwanza, kama mtu ajinyanyuaye kitini. Kilemba cha shekhe kikatoka juu kikarudi kwa chini. Miguu yenu ikawa juu ya vichwa vyenu. Kisha kwa kasi, watu wakawa wanapita kama ngazi inayokimbia, na wanawake wakaanza kupiga kelele, wengine wanataka kutapika, na Bi Aziza akasema, si kwa kucheka safari hii, "Rukia, fanya kitu, watamuoza hatujaona."

Nikaenda nyuma. Nikakishika kifundo. Nikauangalia ukuta.

Maana nyuma ya sanduku hakuna kitu. Kuna vumbi, kuna vile vitaa vya ndani vinavyowaka vyekundu kupitia matundu, kuna joto la kukupiga usoni kama tanuri la mikate, na ukuta wangu unaotaka chokaa. Nikazungusha, wakapiga kelele zaidi. Nikazungusha kinyume.

"Hivyo hivyo," sauti ya Bi Aziza. "Rudi kidogo. Umepita. Rudi. Rukia, pole pole, usizungushe kwa hasira."

Maneno yako, na yeye hakuwepo uliponiambia.

"Hapo. Hapo hapo. Usiondoke."

Nikaondoa kidole nije mbele nione. Picha ikapanda. Ua mzima ukanipigia kelele. Nikakirudisha kidole, ikatulia. Kile kifundo kililegea, babangu, hakikukaa peke yake, kilitaka mtu. Ningeweza kumwita mtu anishikie. Lakini nani? Hakuna aliyekijua ila mimi, nilikwisha kujitapa kwa wote kwamba hakuna akijuaye ila mimi. Na kioo cha kujitazamia kiko kwenye mtoto wa meza chumba cha pili.

Basi nikasimama na kidole changu. Nikajua mmeshikana mikono. Sikujua kwa kuona. Nilijua kwa sababu Bi Aziza, ambaye tangu tuzaliwe hajanipa neno tamu lisilo na ndimu ndani, alisema pole pole, kama mtu asemaye peke yake, "Amemshika mkono. Rukia, mwanao ana mkono wa babake. Hata anavyoinamisha kichwa. Ni yeye mtupu."

Kisha vigelegele.

Uliingia mbio baadaye, wanawake walipokwisha kuondoka, umetota jasho, ukanishika mabega. "Mama, umeniona?"

Nikasema, "Nimekuona."

Na juzi nimekusikia ukimwambia Seifu, "Mama ndiye mama wa kwanza Mombasa kuona nikahi ya mwanawe." Na mimi mwenyewe nimeisimulia hadithi hiyo Marikiti na Kuze na mpaka kwa mabibi wa Kizungu wanaonunua kofia. Naisimulia vizuri. Naeleza ulivyoinamisha kichwa. Yote ni ya Bi Aziza, nilimwibia, na yeye ananisikia nikisimulia na hajasema kitu. Kwa hilo nimemsamehe mengi.

Sikuona, Athmani. Niliona vumbi na ukuta.

Usisikitike. Nisomee mpaka mwisho. Wanawake wale wote waliona kwa kidole changu, na ningerudishwa siku ile ningekishika tena, maana mtu hawezi kuwaachia watu picha inapaa. Na kazi ya televisheni uendayo kuisoma Nairobi ni hiyo hiyo. Watu watakaa mbele wacheke na walie, na wewe utakuwa nyuma na joto na vumbi. Sikukatazi. Najisifia. Lakini mamako aliingia nyuma mle na kiburi chake tu, na wewe sitaki uingie hivyo. Kile kioo kidogo cha mkononi kimo katika sanduku lako la safari, kimefungwa ndani ya kofia mpya, upande wa kushoto. Kiweke mbele kila unapokwenda nyuma. Wenzako wakikucheka, waambie ni cha mamako, na mamako alikikataa mara moja tu.

Wanasema siku moja mtambo utafika hapa Mombasa na kila nyumba itaona watu badala ya mchele. Ukifika, nataka mmoja wa waliousimamisha awe wewe. Nimekwisha kumwambia Bi Aziza itakuwa hivyo. Najua, najua. Bado. Lakini nimekwisha kusema.

Na kesho. Unanijua nilivyo mtu akisafiri: huyu nimemtuma maji, yule nampigia kelele kwa ajili ya kikapu, nafunga kamba iliyokwisha fungwa, mpaka gari la moshi linaondoka nami nimeinama nagombana na hamali. Babako alipokwenda safari yake ya mwisho bara nilikuwa nikitafuta chenji. Kesho vikapu atabeba Seifu. Tikiti utashika mwenyewe. Maagizo Zena atakupa, amejifunza kwangu. Mimi nimekwisha waambia wote, na Bi Aziza atanishikia hata mkoba wangu, mtu asinipe kitu chochote nikishike.

Utaniona ukipanda. Nitakuwa mbele kabisa ya watu, mikono mitupu, nakutazama.

Mamako,
Rukia